Juu ya Kibanda cha Zege

Saa tatu na robo. Upepo wa kusini-magharibi, mwanana.
Mawingu mawili, moja halijaamua.
Hivi ndivyo ninavyoanza daftari kila siku,
kwa penseli, kwa sababu wino hugoma baridi ya huku juu
hata mwisho wa Aprili, hata mbuzi wa Santina
wakiwa wamekwisha kuingia kwenye maua ya njano kule bondeni,
kengele zao zikilia kama mtu anayepekua funguo mfukoni.

Mbele, mlango-bahari, mwembamba kama ufa.
Ng'ambo, Sisilia, na mlima wa moto ukifuka
kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

"Usitazame bahari," Ferdinanda alinifunza mwaka ule wa kwanza.
"Tazama juu yake, pale jicho linapokosa pa kushika."
Nikashika. Punje ya pilipili manga.
Punje mbili.
Kisha gunia limetoboka.

Wamevuka jangwa, wamevuka maji, matumbo matupu,
na sasa wanatafuta hewa moto iinukayo mwambani
wapande bure, bila kupiga bawa,
wakizunguka, wakizunguka,
kama chai inayokorogwa na mtu mwenye mawazo mengi.
Nabonyeza kidude cha chuma kiganjani,
kile kile kilichohesabia abiria wa feri
kabla feri haijauzwa.

Baba mkwe wangu, Consolato, amepanda na mkate,
jibini, na goti lake la chuma.
Huketi juu ya kibanda cha zege chenye matundu matatu.
Humo ndimo walimosubiri na bunduki, yeye na wenziwe;
siku hizi tunatundika makoti.
Maana ilisemwa: mwanamume asiyeangusha adorno mmoja
kabla ya majira kwisha, mkewe atamvisha pembe.
Adorno ndilo jina lake hapa. Mimi naandika: kipanga mla-nyigu.

"Nami sikukosa hata mwaka," asema, akimenya kitunguu.
"Melina akaondoka vilevile. Na fundi wa reli."
Akacheka mpaka kisu kikatetemeka.

Mia tatu na kumi na mbili, naita.
"Na wale kumi na saba?"
Wapi?
"Nyuma ya nguzo ya umeme. Unatazama walipo, binti.
Tazama watakapokuwa."
Hana darubini. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho.
Nageuka: kumi na saba, kweli,
na wa kumi na nane akiwafuata; huyo hakumwona,
nami nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Daftari lina safu nne: saa, aina, idadi, uelekeo.
Mchana, anga lilipobaki tupu, nilimuuliza aliua wangapi.
Nilidhani atasema, nani awezaye kukumbuka.
"Mia mbili na sita," alijibu upesi,
kama aliyeulizwa namba ya nyumba yake.
"Ulidhani ni wewe tu unayehesabu?"

Sikuwa na mahali pa kuiandika.
Nikachonga penseli iliyokuwa imechongoka.

Saa kumi na dakika hamsini. Mmoja. Chini sana,
chini hata bawa lilisikika likikata upepo,
la kushoto lina pengo, unyoya mmoja au miwili.
Akapita juu ya makoti yetu, jicho la njano.
Nikaiona mikono ya mzee ikipanda yenyewe,
wa kushoto mbele, wa kulia umekunjwa shavuni,
ikabaki hewani bila kitu,
ikimfuata, ikimtangulia kidogo,
mpaka ndege alipovuka mgongo wa mlima kwenda kaskazini-mashariki.
Kisha akavua kofia, akaikung'uta,
ingawa haikuwa na vumbi.

"Umemwandika?"
Bado.
"Mwandike."